Wavu, Upinde, Mutego na Bunduki: Historia ya Magomvi ya Wawindaji katika Pori Letu



Mutu akitoka Butembo, tuseme katika komini ya Kimemi, na kufuata njia ya Beni mpaka Mambasa, ataacha nyuma milima yenye mashamba na kuingia katika pori kubwa la Ituri. Akigeuka upande wa mashariki, atakuta bonde la Semliki na mipaka ya Parke ya Virunga. Pande zote mbili zina nyama wa pori tangu zamani, na wawindaji wa namna mbalimbali: wenye wavu, wenye upinde, wenye mutego na wenye bunduki. Pori ni moja lakini zana ni nyingi, na kila mumoja anasema: «Mimi ndiye mwenye haki, yule mwingine anaharibu.»

Wakatekista wanajua mashauri ya namna hii. Nyama amepigwa mushale na mumoja, akakimbia, akaanguka katika wavu wa mwingine: ni wa nani? Mbwa amekufa katika kitanzi cha waya: nani alipe? Wenye wavu wamefukuza nyama wote pahali wenye upinde walipokuwa wakivizia: je, wamekosa? Inafaa kutazama historia ya magomvi haya, kwa sababu mutu asiyejua mwanzo wa shauri hawezi kulikata vema.

I. Wawindaji wa zamani na zana zao

Tuanze na Bambuti, maana hao ndio wenyeji wa kwanza wa pori. Padri Paul Schebesta, wa Shirika la Neno la Mungu, alifika Ituri mara ya kwanza mwaka 1929, akarudi mara kadhaa mpaka miaka ya 1950, akaandika mabuku makubwa juu yao. Yeye na wataalamu waliomufuata walionyesha kama Bambuti hawawindi wote kwa namna moja. Walio jirani ya Babila, upande wa kusini na magharibi, wanatumia wavu. Waefe, walio jirani ya Walese upande wa kaskazini na mashariki, wanatumia zaidi upinde.

Wavu unasukwa kwa nyuzi za ganda la mumea wa pori. Urefu wake ni meta makumi kadhaa, na kimo chake kinakaribia kifua cha mutu. Kila mwanaume aliyeoa ana wake. Asubuhi wanaume wanaunganisha nyavu zao katika nusu duara kubwa, wanawake na watoto wanazunguka upande wa pili, kisha wanakuja wakipiga kelele na kupiga majani. Swala wadogo, kama mboloko, wanakimbia na kujitia katika nyavu. Hii ni kazi ya kambi nzima. Mutu mumoja na wavu wake hawezi kitu.

Waefe wanaingia porini watu wachache, wanavizia kimya. Pengine wanatumia mbwa. Mbwa wa Ituri hawabweki, basi wanawafunga shingoni kengele ya muti, na wawindaji wanafuata sauti yake. Kwa nyani walio juu ya miti wanatumia mishale yenye sumu.

Kwa nini ndugu wa pori moja wanashika zana mbili? Wataalamu walishindana sana juu ya neno hili. Wengine walisema ni tofauti ya pori lenyewe. Wengine walisema wavu ulitoka kwa majirani wenye mashamba. Robert Bailey na Robert Aunger, mwaka 1989, walitazama kazi ya wanawake: wanawake wa Waefe wanafanya kazi nyingi katika mashamba ya Walese na kupata chakula huko, wanawake wa wenye wavu wanaingia porini kufukuza nyama. Ikiwa ni hivyo, wavu na upinde ni pia namna mbili za kugawanya kazi kati ya mume na muke, na namna mbili za kukaa na jirani.

Wenye mashamba nao waliwinda, kwa mikuki, kwa mitego ya kamba na kwa mashimo yaliyofunikwa majani. Mashimo haya ni ya zamani sana. Stanley, aliyepita Ituri kati ya 1887 na 1889, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1890 kama Bambuti walimwambia juu ya nyama mumoja mfano wa punda, wanayemukamata pengine katika mashimo. Wataalamu wa Ulaya walimutambua mwaka 1901: ni okapi. Basi habari ya kwanza ya okapi ilifika Ulaya pamoja na habari ya shimo la kutegea.

II. Magomvi ya zamani na namna ya kuyamaliza

Tusifikiri kama zamani hapakuwa na magomvi. Yalikuwapo, kwa sababu zana hizi zinapingana kwa tabia yao. Upinde unataka kimya; wavu unataka kelele. Upinde unamuchagua nyama mumoja. Wavu unashika anayekuja. Mutego unabaki usiku na mchana bila mwenyewe, na haujui tofauti ya swala, mbwa na mguu wa mutu. Zikikutana mahali pamoja siku moja, lazima mumoja ataona hasara.

Kwa hiyo desturi iliweka kanuni mbili kubwa. Ya kwanza ni ya mahali: kila kambi ilikuwa na sehemu yake ya pori, yenye kujulikana kwa mito na njia, na mugeni aliingia kwa njia ya undugu ao kwa kuomba. Ya pili ni ya zana: nyama ni wa mwenye zana iliyomushika. Kwa wenye wavu, ni mwenye wavu. Kwa wenye upinde, ni mwenye mushale wa kwanza uliomwingia. Lakini mwenye nyama hakupata ruhusa ya kula peke yake. Aliyesaidia kuua ana sehemu yake, mwenye mbwa ana sehemu yake, aliyeazima zana ana sehemu yake, na kisha kambi yote inaonja. Mashindano yalimalizika katika chungu.

Waseminari waliosoma sheria ya Waroma wataona jambo la kuwafurahisha hapa. Waroma walisema nyama wa pori si wa mutu, ni wa yule anayemukamata. Walishindana lakini juu ya nyama aliyejeruhiwa. Trebatius alisema: nikimujeruhi na kumufuata, ni wangu tangu saa ile. Wengine walisema: si wako mpaka umemushika, kwa maana mengi yanaweza kutokea njiani. Kaisari Justiniano, katika kitabu chake cha sheria cha mwaka 533, alifuata hao wa pili. Waefe hawakumusoma Trebatius, lakini neno lao la mushale wa kwanza ni karibu na lake. Shauri la mzee wa pori na shauri la mwalimu wa Roma ni shauri moja.

Kulikuwa tena na ugomvi kati ya wenye zana moja. Colin Turnbull, katika kitabu chake cha mwaka 1961 juu ya Bambuti wa Epulu, anaeleza habari ya mwanaume mumoja aliyeweka wavu wake kwa siri mbele ya nyavu za wenzake, ili nyama wafike kwake kwanza. Kambi ilipojua, haikumupiga wala haikumupeleka kwa Serikali. Wote walimucheka na kumuaibisha, wakamwambia kama anajiona mukubwa aende akawinde peke yake. Kwa mwenye wavu neno hilo ni sawa na kifo, maana hakuna uwindaji wa wavu wa mutu mumoja. Aliomba musamaha, akarudisha nyama. Haki ilikatwa siku ileile.

III. Pembe na bunduki

Hali hii ilitikiswa na biashara ya pembe. Katika miaka ya 1880 watu wa Kilonga-Longa, waliotoka upande wa Manyema, waliweka kituo Ipoto, wakitafuta pembe za tembo na watumwa. Walikuja na bunduki za baruti. Tusisahau kama lugha tunayoandika hapa, Kiswahili, ilifika porini kwa njia ileile ya pembe na bunduki, mbele ya kuwa lugha ya katekismu.

Zamani tembo aliuawa kwa mukuki, kwa hatari kubwa, na nyama yake ilikuwa karamu ya watu wengi. Katika sehemu nyingi za inchi hizi pembe moja ao ngozi ya chui ilipelekwa kwa mwami, alama ya kama pori lina mwenyewe. Bunduki ilibadilisha mambo mawili: ilimupa mutu mumoja nguvu ya kundi zima, na ilifanya pembe kuwa ya maana kuliko nyama.

Kisha ilifika Serikali ya Bula Matari. Tarehe 1 julai 1885 Dola Huru ya Kongo ilitangaza kama udongo usiokaliwa na watu ni mali ya Serikali. Kwa macho ya mugeni, pori la Ituri halikukaliwa: hakuna nyumba, hakuna shamba. Hakuona mipaka ya kambi, hakuona mito iliyotengwa, hakuona njia za nyavu. Tangu siku ile pori lenye desturi lilipata jina la mali ya Serikali, na wawindaji wote, wa zamani na wa sasa, wakawa wageni katika nyumba moja wasiyoijenga pamoja.

IV. Sheria inachagua zana

Hapa tunafika kwenye kiini cha shauri. Mwaka 1900 Serikali za Ulaya zenye makoloni, pamoja na Dola Huru ya Kongo, zilikutana London kuandika mapatano juu ya nyama wa pori wa Afrika. Waliogopa, na hawakukosa, kama tembo na wengine watakwisha. Kati ya mashauri yao walitaka matumizi ya nyavu na mashimo yapunguzwe. Mapatano mengine ya London, ya tarehe 8 novemba 1933, yalisema kwa nguvu zaidi: nyavu, mashimo, mitego, vitanzi na silaha za sumu zikatazwe. Yalikataza pia kuwinda kwa motokari, kwa ndege na kwa taa kali. Katika Kongo ya Wabelgiji dekreti ya 21 aprili 1937 ilipanga uwindaji na uvuvi, pamoja na ruhusa zake na malipo yake.

Tupime neno hili kwa haki. Ni kweli, shimo na kitanzi vinaua bila kuchagua, na sumu inaweza kuleta hasara. Sheria haikusema uongo. Lakini tazama ni zana za nani zilizokatazwa: wavu wa Mumbuti, shimo la mwenye shamba, mushale wa Mwefe. Na tazama ni zana ya nani iliyobaki: bunduki yenye ruhusa iliyolipiwa. Mutu aliyewinda ili ale akaitwa mwizi. Mutu aliyewinda ili apate kichwa cha kutundika ukutani akaitwa bwana muwindaji.

Jambo moja litaonyesha vema. Mwaka 1952 huko Epulu, chini ya Jean de Medina, Serikali iliweka kituo cha kukamata okapi kwa ajili ya bustani za nyama za Ulaya na Marekani. Okapi walikamatwa kwa njia gani? Kwa mashimo yaliyofunikwa majani, katika njia walizopita, kwa msaada wa wenyeji wanaojua pori. Shimo lile lililokatazwa kwa mwenye njaa lilikuwa zana njema mkononi mwa Serikali. Sisemi haya ili kuwashitaki waliofanya kazi ile. Okapi aliyeanguka alitunzwa, si kuuawa. Na kati ya waliotangulia kumutunza okapi kulikuwa Frère Joseph Hutsebaut, wa Misioni ya Buta. Ninataka tu tuone kama ubaya haukuwa katika shimo peke yake.

Upande wa mashariki mambo yalikuwa makali zaidi. Parke Albert iliundwa tarehe 21 aprili 1925, ikapanuliwa mwaka 1929, tena kati ya 1934 na 1935. Katika bonde la Semliki Serikali iliondoa watu kwa sababu ya ugonjwa wa usingizi, na nafasi walizotoka zikawa ndani ya Parke. Wazee waliohama walisema walitolewa kwa sababu ya ugonjwa. Watoto wao walipotaka kurudi waliambiwa ni kwa sababu ya nyama. Tangu hapo, kila mutego uliowekwa karibu na mupaka ulikuwa pia neno la shauri la udongo. Hata leo ni hivyo, katika Parke hii ya kilometa za mraba karibu 7,800, inayoitwa Virunga tangu 1969.

Wenzetu wa Kenya walipita njia ileile. Katika Parke ya Tsavo, kati ya 1956 na 1957, askari waliwakamata wawindaji wengi Wawata na Wakamba, wenye pinde na mishale ya sumu, wakafungwa gerezani. Hodari wa upinde waliitwa wahalifu katika pori la babu zao. Tembo walizidi. Lakini ukame wa 1970 na 1971 ulipofika, tembo kwa maelfu walikufa njaa, na kisha wenye bunduki za vita walimaliza wengi wa waliobaki. Kumukataza mwenye upinde hakukutosha kumuokoa tembo.

V. Waya na soko

Je, tuseme basi zana zote za wenyeji ni njema? Hapana, wandugu. Tungedanganya.

Pamoja na barabara, migodi na mashamba makubwa, waya wa chuma ulifika vijijini. Kitanzi cha kamba kinaoza kwa mvua; cha waya hakiozi. Mutu anaweza kutega makumi kwa siku moja, asirudi kwa wiki nzima. Nyama anaoza katika kitanzi, ao anakata mguu na kwenda kufa mbali. Mama na mutoto wanakamatwa pamoja. Wenye wavu wanahama kambi yao nyama wanapopungua, na pahali pale panapumzika, waya hauhami. Kwa hiyo Bambuti wanalalamika juu ya mbwa wao waliokufa na nyama waliopotea, na wenye mitego wanawashitaki Bambuti ya kuiba nyama katika vitanzi. Hili ndilo gomvi la kila siku.

Soko lilizidisha mambo. John Hart alieleza mwaka 1978 namna wachuuzi walivyofika mpaka katika kambi za Bambuti wenye nyavu, wakileta chakula cha mashamba na kuondoka na nyama iliyokaushwa. Kumbe nyama iliyokuwa inamaliza ugomvi katika chungu cha kambi ikaanza kuondoka katika kikapu cha muchuuzi. Na wengi wetu, watu wa milima, tulishuka kutafuta udongo: tangu miaka ya 1970 Banande wengi walikaa kando ya njia ya Beni mpaka Mambasa, kwa sababu milima ya Lubero na Butembo ilijaa watu. Tulifika na jembe, na shoka, na mutego. Tuseme wazi: katika historia hii sisi si mashahidi tu.

Vita vilimaliza yaliyobaki. Katika Parke ya Virunga, viboko karibu 29,000 walihesabiwa katika miaka ya 1970. Mwaka 2005 hawakufika 1,000. Si wavu wala upinde uliowamaliza. Ni bunduki za askari na za makundi yenye silaha, pamoja na wale waliouza nyama ile. Kisha kati ya 2002 na 2003 vita ya Mambasa iliwakimbiza Bambuti na wenye mashamba pamoja, mpaka Beni na Butembo. Na tangu 2014 mauaji katika teritware ya Beni yamefanya watu waogope hata pori walimozaliwa.

VI. Tukate shauri namna gani?

Sheria za inchi zimebadilika. Kuna sheria ya uwindaji ya 28 mei 1982. Kuna hifadhi ya okapi tangu 1992. Na tarehe 15 julai 2022 ilitiwa sahihi sheria ya kulinda haki za watu wa asili Pygmées. Mukristu anapaswa kuzijua na kuzitii. Lakini askari wa sheria hafiki katika kila kambi, na mukatekista yupo.

Kanisa nalo lilijua zamani kutofautisha namna za kuwinda. Mutaguso wa Lateran wa mwaka 1215 uliwakataza wakleri kuwinda, na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanoni 138, ilitenga uwindaji wa kawaida na ule wa makelele, wenye watu wengi na mbwa: wa kwanza wasiuzoelee, wa pili wasiufanye hata mara moja. Sababu haikuwa huruma kwa nyama tu. Wakubwa wa Ulaya waliwinda kwa fahari, wakikanyaga mashamba ya maskini. Kanisa lilitazama nani anaumia.

Mutaguso wa Vatikano wa Pili, katika Gaudium et Spes namba 69, unafundisha kama mali ya dunia ni kwa ajili ya watu wote, na unakumbusha kama katika inchi nyingi desturi za jamaa zinasaidia kila mutu apate ya lazima. Zisidharauliwe ovyo, wala zisishikwe kama haziwezi kubadilika. Maneno haya mawili yanatufaa. Na katika kitabu cha Deuteronomio, sura 22, Mungu anamuruhusu mutu kutwaa makinda katika kiota, lakini anamwamuru amwache mama aende zake. Hapo sheria haikatazi kuwinda. Inaukataza mukono usiobakiza kitu.

Basi shauri likiletwa mbele yenu, musiulize kwanza: «Zana hii ni ya kizungu ao ya wazee?» Ulizeni maneno matatu. La kwanza: je, zana hii inaweza kumwacha mama na mutoto, ao inaua yote? Hapo waya utashindwa, ijapokuwa mwenyewe ni mutoto wa inchi. Na bunduki ya vita itashindwa mbele yake. La pili: nani aliyekuwa mahali hapa mbele, na je, aliombwa? Hapo wengi wetu, tuliofika na shoka, tutapaswa kunyamaza kidogo. La tatu: nyama ile inakwenda katika chungu cha nani? Nyama inayogawanywa inapunguza ugomvi. Nyama inayouzwa yote inauongeza.

Tena, mukimwita Mumbuti katika shauri, mumwite akae katika kiti sawa na wengine, aseme kwa lugha anayoijua vema, na munenaji wake asiwe yule anayemudai deni. Mara nyingi shauri lilikatwa vibaya si kwa sababu ya sheria, lakini kwa sababu mumoja kati ya wawindaji alisimama mlangoni wakati wengine walikaa. Ni jambo ambalo kila kanisa la kijiji linaweza kulianza Dominika hii.